Kumfuga Anemoni wa Bahari Pamoja na Samaki-Klauni Nyumbani

Anayetaka kuwaweka anemoni, mnyama laini wa baharini anayejishikiza mwambani na kuchoma kwa minyiri yake (mikono laini inayozunguka mdomo), na samaki-klauni, samaki mdogo anayeishi katikati ya minyiri hiyo, katika tangi moja la maji ya chumvi hana budi kutambua mapema kwamba kati ya hao wawili, aliye mgumu kufugwa ni anemoni. Samaki-klauni huzalishwa kwa wingi chini ya uangalizi wa binadamu, huvumilia makosa madogo ya mfugaji, na huweza kuishi miaka mingi bila kumwona anemoni hata mmoja. Anemoni hana magamba wala gome la kumkinga, na maji yakiharibika humdhuru papo hapo. Ndiyo maana kazi hii huanza na maji, tena miezi mingi kabla ya kumnunua.

Napendekeza tangi la lita 200 au zaidi, kwa kuwa maji mengi hubadilika polepole kuliko machache. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila lita, joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 8.1 na 8.4. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na nitriti inayotokana nayo zisionekane kabisa katika vipimo, na nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu zaidi, ibaki chini. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji majuma kadhaa kustawi juu ya mawe na ndani ya chujio, na hapo samaki wanaweza kuingizwa. Anemoni angoje zaidi, angalau miezi sita, na mimi ningengoja mwaka mzima, kwa sababu tangi changa huonyesha vipimo vizuri leo na kuyumba kesho. Jambo linalowaponyoka wengi ni mvuke. Maji yanapopungua kwa mvuke chumvi yote hubaki tangini, kwa hiyo kilichopungua kijazwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Anayesubiri wiki nzima kisha akamimina ndoo moja kwa mkupuo humwyumbisha anemoni mara mbili, kwanza kwa chumvi kuzidi, halafu kwa chumvi kushuka ghafla.

Taa nazo ziwe na nguvu ya kutosha, maana ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia sehemu kubwa ya anachohitaji. Anemoni aliyegeuka mweupe amewapoteza mwani hao, na ingawa weupe huo huwavutia wanunuzi, ni dalili ya mnyama anayedhoofika. Mwenye rangi kali isiyo ya kawaida huenda ametiwa rangi, naye aachwe vilevile. Mzima hutambulika kwa mdomo uliofumbwa vizuri, minyiri inayonata, na mguu, yaani sehemu ya chini anayojishikizia, usio na mchaniko hata mdogo.

Miongoni mwa aina zipatazo 10 za anemoni wanaowapokea samaki-klauni baharini, anayeanza namshauri achukue Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba kama viputo. Huyu hugawanyika mwenyewe tangini, hivyo inawezekana kumpata aliyekulia kwa mfugaji mwingine badala ya kumng'oa mmoja zaidi baharini. Heteractis magnifica ni mzuri kupindukia lakini hudai mengi, na wale wa jenasi ya Stichodactyla hukua wakapana sana, huchoma vikali na huweza kumla samaki anayepita karibu.

Kabla ya kumwingiza, funika kwa sponji au wavu kila tundu la pampu linalovuta maji, na hita nayo uizungushie kinga. Anemoni hutembea. Akiona mwanga au mkondo haumfai huachia mwamba usiku na kuelea, na pampu isiyofunikwa humvuta na kumkatakata. Asubuhi mfugaji hukuta maji yamekuwa meupe kama maziwa na samaki wanahema kwa shida. Mzoeshe kwa kudondosha maji ya tangi katika chombo chake kwa muda wa saa moja au zaidi, kisha, ukiwa umevaa glavu, muweke kwenye ufa wa mwamba huku mikondo imezimwa, mpaka mguu ushike. Akihama siku za mwanzo mwache atafute mahali pake. Usimbandue kwa nguvu, kwa maana mguu uliochanika mara nyingi huwa ndio mwisho wake.

Samaki wawili wanatosha. Wachukue wakiwa wadogo na wenye ukubwa tofauti: mkubwa atakuwa jike na mdogo dume, na jike akifa, dume hugeuka kuwa jike. Amphiprion ocellaris, mmoja wa aina za samaki-klauni, haishi na Entacmaea baharini, lakini tangini mara nyingi humkubali, ama siku hiyohiyo, ama baada ya miezi. Inafaa kuketi na kutazama anavyojongea: hugusa mnyiri mmoja kwa mkia, huruka nyuma kama aliyeungua, hurudi na kugusa kwa tumbo, hata ute wa ngozi yake unapomkinga vya kutosha hujilaza katikati ya minyiri bila kudhurika. Anemoni na awe mkubwa mara mbili au tatu kuliko samaki, kwani mdogo huchoshwa na kusuguliwa kutwa.

Mlishe anemoni mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha kamba au samaki kisichozidi upana wa mdomo wake. Kipande kikubwa hutapikwa na kuchafua maji. Kusinyaa kwa saa chache huku akitoa uchafu ni jambo la kawaida, lakini akilegea siku nzima, mdomo ukabaki wazi na harufu ya kuoza ikasikika, atolewe mara moja. Samaki akiugua, mhamishie tangi la matibabu, kwa sababu dawa zenye shaba humuua anemoni.

Jozi iliyotulia huweza kutaga mayai juu ya mwamba, karibu na mguu wa anemoni. Dume huyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe baada ya wiki moja hivi, na siku hizo jike huuma mkono wowote unaoingia majini, kwa hiyo usafi wa upande ule uahirishwe mpaka watoto watoke.