Kabla Hujaingiza Panga Kwenye Kichaka cha Nyuma ya Nyumba

Gambuti, glavu, shati la mikono mirefu. Panga linolewe jana yake, si asubuhi ya kazi vibarua wamekaa wanakutazama. Maji ya kunywa yawepo. Haya unayajua, tusipotezeane muda.

Uliza kwanza. Kichaka kilichoachwa miaka mingi huwa kimefunika kitu. Kwetu Muheza nilitaka kupasua njia nyuma ya nyumba ya mama, kutoka jikoni hadi kisimani, kama mita 40 hivi, katikati ya michungwa iliyozeeka na magugu yaliyonizidi kimo. Nikavuta kamba ya katani ikanyooka, nikajiona fundi. Mama akaja na mkongojo wake, akaitazama kamba, akaniuliza, "Ndiyo unapita juu ya choo cha babu yako?" Kumbe pale kuna shimo lililofunikwa kwa magogo na udongo kabla sijazaliwa. Magogo ya umri ule yameshaoza, yanangoja mtu mwenye toroli. Choo cha zamani, kisima kilichoachwa, kaburi, bomba la maji, mpaka wa jirani: vyote muulize mtu mzima aliyeishi hapo, na aende mwenyewe akachomeke kijiti. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole kutoka barazani.

Mpaka wenyewe ukiwa wa mnyaa, jihadhari na utomvu wake. Ule mweupe ukikuingia jichoni unaweza kuliumiza vibaya. Vaa miwani, na usijipanguse jasho kwa mkono ulioshika tawi.

Nyoka. Pigapiga kichaka kwa fito ndefu, subiri kidogo, rudia. Wengi watajiondokea. Kifutu haondoki. Analala palepale kwenye majani makavu, rangi yake na majani ni moja, mpaka umkanyage. Kwa hiyo mkono usitangulie jicho, majani yaburute kwa reki. Na ujue mapema ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila zahanati inayo.

Sasa tuje kwenye upupu.

Nilichagua Agosti kwa makusudi. Masika yamekwisha, vuli bado, ardhi kavu, vibarua wanapatikana. Hesabu nzuri, ila ndio wakati upupu nao umekauka. Mchungwa mmoja ulikuwa umefunikwa gubigubi na mtambaazi nikadhani ni kunde za porini. Sikukosea sana, maana upupu ni wa jamii hiyohiyo: majani matatu matatu, maua ya zambarau yanayoning'inia vichala, halafu maganda yaliyojipinda, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu mazuri mpaka unatamani kuyapapasa. Kijana niliyempa kazi alisimama. "Kaka, ule si upupu ule?" Nikamwambia akate tu, siku inakwenda. Akaliweka panga chini, akaenda kukaa kivulini. Nikalichukua mimi.

Pigo la kwanza, kimya. La pili nikaukamata mtambaazi nikauvuta ushuke, na upepo wa saa nne ukaja nao. Niliona vumbi la dhahabu linaelea kwenye jua, kama unga uliopeperushwa kwenye ungo. Ilianza shingo. Ikafuata kwapa, kisha kiuno pale shati lilipochomoka. Nikajikuna, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana kila ukikuna unavididimiza vile vinyoya na kuvisambaza pale ambapo havikuwapo. Nikakimbilia bafuni, nikaoga, nikajifuta kwa taulo la nyumba. Shati nikalitupia kwenye beseni lenye kanga za mama. Jioni yake tukawa watu wanne tunaojikuna, na mmoja wao ana mkongojo.

Aliyeniokoa ni bibi wa jirani. Alinipaka tope zito mgongoni na shingoni, akalisubiri likauke, kisha akalibandua pole pole likatoka na vinyoya vyake. Mjini ungetumia selotepu, kazi ni ileile. Yule kijana alikuwa palepale kivulini, anakula chungwa. Nilimlipa siku nzima, ni haki yake.

Basi sikiliza. Upupu ukatwe ukiwa mbichi, umetoa maua na maganda bado. Ukichelewa, ingia alfajiri umande haujakauka, au umwagie maji mengi kwanza, vinyoya vikilowa haviruki ovyo. Kata shina karibu na ardhi kisha uuache huko juu, usiuvute. Upepo uwe mgongoni kwako. Usiuchome moto, hewa ya moto inavirusha juu na hujui vitatua kwa nani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mbegu zilizoanguka zitaota mvua ijayo, kwa hiyo rudi ung'oe miche ikiwa midogo.

Njia yenyewe haina maneno mengi. Upana sentimita 90, toroli ipite na mtu asikwaruzwe na miiba. Usiikate mizizi minene ya mwembe, ipindishe njia. Kabla ya kumwaga changarawe, toka siku moja na mwavuli mvua ikinyesha, uone maji yanakopita. Watu wanachimba njia ikae chini ya ardhi, halafu masika wanashangaa kupata mfereji unaoelekea jikoni. Inyanyue kidogo, ilaze upande mmoja, sentimita mbili kwa kila mita ya upana zinatosha. Shindilia changarawe ikiwa na unyevu.

Watoto wakae mbali. Simu iache ndani. Angalia juu pia, kuna nyigu, na tawi lililokufa huanguka lenyewe bila kuguswa na mtu. Usifanye kazi hii peke yako, na kibarua akisimama, simama na wewe umuulize ameona nini.

Na mbwa mfungie. Wa kwetu alipita kwenye yale matawi tulipokwishamaliza kila kitu, akaenda moja kwa moja kulala kwenye mkeka wa mama.