Kuandaa kumbukizi ya Kwibuka nje ya Rwanda

Kila tarehe 7 Aprili Rwanda huanza Kwibuka, kumbukizi ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hadi tarehe 13 bendera hupepea nusu mlingoti na sherehe husimama. Kumbukizi zenyewe huendelea kwa siku 100. Wanyarwanda walioko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hukumbuka huko huko waliko, pamoja na majirani. Ukikabidhiwa maandalizi, panga kila kitu ukimfikiria manusura atakayekuwepo.

Anza na jina. Kwenye kadi na bango andika "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi", jina ambalo Umoja wa Mataifa uliliweka rasmi kwenye siku hii mwaka 2018. Maneno kama "vita vya kikabila" huficha nani aliwindwa, na manusura akiyakuta mlangoni ana haki ya kurudi nyumbani. Wahutu waliouawa kwa kuyapinga mauaji nao watajwe kwa heshima, bila kugusa jina hilo. Mgeni yeyote asiulizwe kabila.

Tanzania, 7 Aprili ni Siku ya Karume na ofisi zimefungwa, kwa hiyo ukumbi na vibali vishughulikiwe wiki mbili kabla. Mkitaka matembezi, polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Kenya ni siku 3. Kilomita 1 au 2 zinatosha, maana wazee nao watatembea, na ni masika: hema liwe tayari mnakoishia. Wanaoongoza njia wasipulize filimbi. Wauaji walizitumia, na sauti ile bado inaumiza.

Ratiba isizidi dakika 90. Ukimya wa dakika 1 upimwe kwa saa, kwani mshereheshaji mwenye wasiwasi huukata nusu; jenereta liwekwe mbali ili lisiufunike. Kusoma jina, umri na mahali huchukua kama sekunde 5, hivyo majina 60 ni dakika 5. Msomaji awe anayejua Kinyarwanda, au afanyishwe mazoezi na ndugu wa marehemu. Jina likikosewa mbele ya mama yake, hakuna hotuba itakayolirekebisha.

Ushuhuda uwe mmoja, dakika 20 hadi 25, uwekwe katikati. Ukiwa wa mwisho, watu hutawanyika na maumivu mabichi; baada yake weka wimbo wa maombolezo, kisha mishumaa. Isimamishe ndani ya glasi yenye mchanga wa sentimita 3, vinginevyo upepo huizima na nta huchoma watoto. Muulize msimuliaji mapema kama anakubali kurekodiwa, na akibadili mawazo siku hiyo, kamera izimwe. Msionyeshe picha za maiti. Wengine ukumbini hawajui hadi leo ndugu zao walilala wapi, na wengi walitupwa mtoni: Kagera iliwafikisha hadi Ziwa Victoria, ndiyo maana Uganda ina makaburi yao Kasensero, Lambu na Ggolo.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau ni ihahamuka, pale mtu anapoirudia 1994 kana kwamba inatokea sasa. Atapumua kwa kasi, atapiga kelele, atajificha chini ya kiti au atakimbia. Tenga chumba tulivu chenye godoro, maji na taa, na kwa kila watu 50 weka wasaidizi 2 waliofunzwa, wenye fulana zinazoonekana, karibu na mlango. Wamtoe taratibu bila kumkaba. Wasimmwagie maji, wasimzunguke, wala wasimwombee kwa sauti ya juu. Kelele humrudisha kule kule. Mmoja aketi naye, amwambie polepole jina lake, mwaka na mahali alipo, tena na tena, hadi pumzi itulie. Akizidiwa, apelekwe hospitali pamoja na mtu anayemfahamu.

Vaa mavazi ya heshima. Utepe wa kijivu ndio uliozoeleka sasa. Usipojua la kusema, "Mukomere", yaani "jipeni moyo" kwa Kinyarwanda, inatosha. Usimwambie mtu asahau.

Usiku wa siku hiyo mara nyingi ndio mgumu kuliko ukumbini. Wagawane wasaidizi namba za simu za manusura wanaoishi peke yao, wawapigie jioni ile na kesho yake, na wawaulize kama wangependa mtu wa kukaa nao hadi tarehe 13.