Somo: Kuisoma jamii ya mijusi wa jangwani kwa kuanzia kwenye ukoo

Wakuu, salaam. Watu wengi wakienda jangwani kutazama mijusi huanza na chakula: nani anakula nini. Mimi nawaomba muanze na ukoo. Mfano wangu ni majangwa matatu aliyoyafanyia kazi mtafiti wa mijusi, Mmarekani Eric Pianka, kuanzia miaka ya 1960: ya magharibi mwa Marekani, Kalahari, na Great Victoria huko Australia. Eneo moja la Marekani lilimpa aina 4 hadi 11 za mijusi, Kalahari 11 hadi 18, na Australia zaidi ya 40 palipojaa. Jua kali ni lilelile na ukame ni uleule, kwa hiyo hivyo pekee havielezi tofauti hiyo.

Hatua ya 1. Orodhesha aina zote za eneo lako. Chakula kiache kwanza.

Hatua ya 2. Andika ukoo wa kila mmoja pembeni. Ukitaka kuona ukoo una uzito gani, tazama ukuta wa nyumba yako. Mchana yuko yule mwenye kichwa chekundu, anapiga "pushapu" juani, anangoja sisimizi apite. Usiku anatoka mjusi kafiri na kujibanza karibu na taa. Ukuta ni mmoja, lakini koo zao zilitengana tangu enzi za dinosaria.

Hatua ya 3. Ongeza safu tatu: saa anayotoka, mbinu ya kuwinda, chakula. Hapa msiharakishe. Yule wa mchana ni wa ukoo wa agama, ambao pamoja na vinyonga na iguana hunasa mawindo madogo kwa ulimi na hutegemea macho. Kenge na mijusi wale laini wanaong'aa hukamata kwa taya, hivyo ulimi wao uko huru kuokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo maalumu juu ya kaakaa. Mwenye ulimi wa namna hiyo huzurura akinusa, na hupata kilichojificha. Kule Kalahari, mjusi mzururaji aitwaye Nucras tessellata huwatoa nge mchana kweupe, nao wamejificha. Agama aliyeketi hatua chache kutoka hapo hatajua kama kuna nge. Mwaka 2005 Pianka na mwenzake Laurie Vitt walionyesha kuwa tofauti nyingi za chakula miongoni mwa mijusi wa leo chanzo chake ni mitengano ya kale sana ya koo.

Hatua ya 4. Usihesabu urithi mmoja mara nyingi. Australia unaweza kukuta aina hata 11 za Ctenotus, kundi moja la wale mijusi laini wanaong'aa, mahali pamoja. Zote zikitoka mchana, huo si ushahidi mara 11 kwamba jangwa linadai hivyo. Ndugu wa tumbo moja wakirudia aliyowafunza mama yao, umesikia shahidi mmoja. Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alitoa njia ya hesabu ya kuondoa kosa hili mwaka 1985.

Hatua ya 5. Watafute waasi, yaani wanaoacha desturi ya ukoo wao. Kalahari, mjusi Heliobolus lugubris huzunguka kutwa, lakini jamaa yake Pedioplanis lineoocellata huketi na kuvizia. Miili imefuata: wa kwanza ana pumzi ndefu, wa pili ana mbio za ghafla. (Mtoto wa Heliobolus ni mweusi mwenye madoa meupe, hutembea kakunja mgongo akimwigiza mende mmoja anayerusha asidi. Akikua, anaacha maigizo.)

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kwa hiyo mazingira hayana kazi?*
Yanayo, tena kubwa. Mjusi Moloch wa Australia na mjusi Phrynosoma wa Marekani ni wa familia mbalimbali, lakini wote wana miiba na tumbo pana, na wote wanakula sisimizi. Ila angalia: wote wawili wanatoka kundi lile la kuketi na kunasa kwa ulimi. Jangwa lilichagua miongoni mwa vilivyokuwepo.

*Nimesoma kuwa vinasaba viliupindua mti wa ukoo wa mijusi. Somo halijaanguka?*
Swali zuri, ndugu. Kweli, tafiti za 2004 na 2005 ziliwasogeza agama na iguana karibu na nyoka na kenge. Safu zako za hatua ya 3 hazibadiliki. Kinachobadilika ni simulizi. Kunasa kwa ulimi, tulikokuona kuwa desturi ya mababu, huenda ni tabia iliyorudiwa baadaye.

*Mwalimu, mimi niko karibu na jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Nianzie wapi bila vifaa?*
Daftari na tochi vinatosha. Pita njia ileile mara tatu: jua linapochomoza, adhuhuri, na saa mbili usiku. Asubuhi nenda kabla upepo haujafuta nyayo, maana mchanga utakuonyesha nani alipita na mkia wake uliburuzwa vipi. Usikamate; Kenya hilo linahitaji kibali.