Tanga hadi Kigali: namna ya kuhamia upande wa kulia

Dereva wa Tanga anaweza kuvuka Horohoro kwenda Mombasa na asibadilishe chochote, maana Kenya nao wanaendesha kushoto. Mpaka wa Rusumo ni habari nyingine. Ukishavuka daraja la mto Kagera, Rwanda ni kulia, kama ilivyo Burundi na Kongo. Lori lako lina usukani wa kulia, kwa hiyo utakuwa umekaa ukingoni mwa barabara, mbali na wanaokuja.

1. Anza na taa kabla hujatoka Tanga. Ukiweka dimu, taa za magari yetu hutupa mwanga zaidi kushoto. Kwetu kushoto ni pembeni. Kule ni machoni mwa mwenzako. Pata fundi akuonyeshe pa kuziba kwa tepu nyeusi. Kioo cha kushoto nacho kiweke sawa, ndicho kitakachokuonyesha anayetaka kukupita.

2. Kaa na utingo mkubaliane kuhusu kuovateki. Hapa ndipo naomba unisikilize sana. Ukiwa nyuma ya lori jingine huoni kitu, na ukitaka kuchungulia lazima kichwa cha gari kiingie njia ya wanaokuja. Usichungulie. Baki nyuma mbali, utingo aliyekaa kushoto aangalie. Maneno yawe mawili tu, "bado" na "peupe". Akinyamaza, hesabu ni bado. Hata akisema peupe, uamuzi ni wako: kutoka Rusumo hadi Kayonza ni milima na kona, na mzigo haukimbii.

3. Kwenye kipilefti unaingilia kulia na kuzunguka kinyume na kwetu. Kukata kushoto ndiko kunakovuka njia ya wanaokuja. Kona ya kulia ni fupi, chunga tela lisipande ukingo.

4. Jihadhari na barabara tupu. Kwenye foleni utafuata wenzako. Alfajiri, ukitoka kituo cha mafuta na hakuna gari hata moja, mikono hurudi kushoto yenyewe. Utingo atamke "kulia" kabla gari halijasogea, kila mara. Mkivuka kwa miguu, tazameni kushoto kwanza.

5. Wakati wa kurudi, bandua tepu Benaco, ukishaingia Tanzania, kabla ya giza. Utingo sasa aseme "kushoto" kila mnapoondoka, angalau hadi Nyakanazi.