SOMO: Bondi (vifungo) za maji na kwa nini barafu huelea

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Naliweka hapa, anayeuliza mwelekezeni huku.

1. Chora atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni.

2. Zikunje, pembe iwe nyuzi 104.5. Usizipange mstari mmoja.

3. Oksijeni huvuta elektroni kuliko haidrojeni. Kwa hiyo upande wa O weka chaji hasi kidogo, kwenye H chanya kidogo.

4. Tulieni hapa. Mimi kwenye mtihani niliandika kwamba maji yakichemka, H huachana na O. Swali lote likaenda. Ukweli ni kwamba bondi ziko za aina mbili. Ndani ya molekuli (H2O moja) kuna kovalenti, ambapo atomu zinashirikiana elektroni, inayodai takriban kilojuli 460 kwa moli (kipimo cha wingi wa chembe) kuivunja. Kati ya molekuli na jirani yake kuna bondi ya haidrojeni, takriban 20 tu. Moto wa jiko hukata hizo za ujirani. Mvuke unaopanda ni H2O ileile. ONYO: kovalenti ichore kwa mstari, ya haidrojeni kwa nukta nukta. ONYO tena: ile ya O na H ndani ya molekuli msiiite "bondi ya haidrojeni", jina linapotosha. Na msizidharau hizo 20: H2S (haidrojeni na salfa) ina molekuli nzito kuliko maji, lakini huchemka kwenye nyuzi -60. Maji, 100.

5. Yakiganda, kila molekuli hushikana na jirani nne, zikiacha nafasi katikati. Ujazo huongezeka kama asilimia 9, barafu inakuwa nyepesi kuliko maji, inaelea.

MASWALI

Mdau 1: Kwa hiyo mvuke unaweza kuwaka, si una haidrojeni?

Mwandishi: Soma namba 4.

Mdau 1: Nimesoma mkuu.

Mwandishi: Umeipitia juujuu. Mvuke ni maji. Hauwaki.

Mdau 2: Nimelaza sindano juu ya maji imeelea, na ni chuma! Ni bondi hizohizo?

Mwandishi: Hizohizo, na umeuliza jambo zuri sana. Molekuli za juu hazina jirani wa kuzivuta kwenda juu, zinavutwa pembeni na chini, uso unakaza. Inama macho yalingane na maji: utaona yamebonyea chini ya sindano bila kutoboka. Halafu dondosha tone la sabuni pembeni.

Mdau 2: Imezama papo hapo!

Mwandishi: Sabuni imejipenyeza usoni, mkazo umepungua.

Mdau 3: Mie huilaza juu ya karatasi laini. Karatasi inalowa inazama, sindano inabaki.

Mwandishi: Njia safi hiyo. Sindano ipitishe kwanza kwenye ngozi ipate mafuta kidogo, maji hayataishika.

Mdau 1: Yangu inazama kila mara.

Mwandishi: Ina kutu?

Mdau 1: Kidogo.

Mwandishi: Kutu hulowa upesi. Tafuta iliyo safi, ikaushe kabisa, ilaze taratibu.