Kimara au Mbezi? Tulivyochagua nyumba

Mimi na mume wangu tulizunguka Jumamosi nyingi kati ya Kimara na Mbezi, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kabla ya kununua. Nakushauri uanze hivi: nenda Jumatatu alfajiri, siyo Jumapili dalali anapokuita. Ondoka getini saa kumi na moja na nusu, panda usafiri utakaopanda kila siku, uone unafika Posta, katikati ya jiji, saa ngapi. Njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, inaishia Kimara. Ukikaa Mbezi, kuna kipande cha kufika hapo kwanza, nacho kina foleni yake. Ila kwa anayesafiri mikoani mara kwa mara, Mbezi inamfaa: stendi ya Magufuli iko Mbezi Louis.

Rudi tena mvua ikinyesha. Kimara ina vilima na makorongo. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda, njia yake ilikuwa imegeuka mto. Na habari za maji ya bomba muulize jirani, siyo muuzaji.

Hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, usiifanyie mchezo. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa, kwa kipimo cha mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro. Pima mwenyewe kwa futi kamba. Kisha pita serikali ya mtaa, hati ikaguliwe kwa msajili, na mwenza wa muuzaji asaini.

Sisi tulichukua Kimara, chumba kimoja pungufu. Baba watoto sasa anawakuta hawajalala.