Pishi, Sahani na Mkono wa Idi: Kumzoeza Mtoto Kushukuru

Mtoto hajifunzi shukrani kwa kukaripiwa "sema asante" mbele ya wageni. Hujifunza akishika kitu, akakipima, akakipeleka na kuona kilivyopokelewa. Idi el-Fitri ina kazi za namna hiyo tele, ila nyingi tunazifanya sisi wakubwa huku watoto tumewafukuza jikoni.

Anzeni na zakatul-fitri, zaka ya chakula wanayopewa masikini mwishoni mwa Ramadhani. Kila mtu wa nyumbani hutolewa pishi moja ya chakula, hata kichanga aliyezaliwa juzi. Kwa mizani ya dukani wengi huhesabu kilo 2.5 za mchele, kwa hiyo nyumba ya watu sita ni kilo 15. Mwezi 27 au 28 wa Ramadhani tandika mkeka, mpe mtoto wa miaka saba na zaidi ungo na mizani. Achambue mawe, apime fungu moja moja, na kila fungu alitaje: hili la baba, hili la bibi, hili langu. Akifika kwenye "hili langu" utamwona anasawazisha mchele kwa kiganja, asipunje hata punje. Mdogo wake wa miaka minne ashike mdomo wa mfuko.

Mchele uwe ule ule mnaokula. Ukinunua chenga za bei rahisi kwa sababu "ni za kutoa", mtoto anaona, na hilo ndilo atakalolishika kuliko maneno yako yote.

Zaka hii ifike kabla ya swala ya Idi; ikichelewa huhesabiwa sadaka ya kawaida. Ipelekeni siku moja au mbili kabla, maana asubuhi yenyewe kila mtu anatafuta kanzu na kiatu. Usimtume mtoto nyumbani kwa anayesoma naye. Wenyewe wataona haya, na shule ikifunguliwa neno litatoka. Nyumba hiyo nenda mwenyewe, usiku.

Nguo nazo zina mpangilio wake: za kutoa zitolewe kabla mpya hazijanunuliwa. Mtoto achague moja inayomtosha bado, aifue, mshone kifungo kilichokatika, ipigwe pasi. Iliyochanika ifanyeni tambara la kudekia.

Siku ya Idi kuna sahani za majirani. Pangeni tambi, visheti au kaimati, funikeni kwa kawa, na mtoto afundishwe maneno kamili kabla hajatoka: apige hodi, aamkie "Shikamoo bibi", kisha "Mama anakusalimu, amesema tuonje pamoja." Atoe kwa mikono miwili, wala asisimame mlangoni kungojea chochote. Jirani asiye Mwislamu naye apate sahani yake. Sahani za majirani zikiletwa kwenu, mtoto ndiye azioshe na kuzirudisha, na zisirudi tupu: ndimu tatu, sukari kidogo, embe moja, chochote kilichopo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kurudisha kitu cha bei kubwa kuliko kilicholetwa. Jirani huona kama analipwa deni, na mwakani anaacha kuleta.

Kazi ngumu kuliko zote ni mkono wa Idi, yaani pesa watoto wanazopewa na jamaa siku hiyo, kwa sababu pesa humpofusha mtoto. Kabla hamjaanza kuzunguka kwa jamaa, wekeni sharti mbili. Pesa haihesabiwi mbele ya aliyetoa, na kiasi hakitajwi mbele ya watoto wengine. Babu aliyetoa mia mbili huenda ndiyo aliyokuwa nayo. Jioni, kabla hawajakimbilia viwanjani, kaa nao dakika kumi na daftari. Kila mtoto ataje aliyempa, si kiasi, na aseme kitu kimoja kuhusu mtu huyo: "Shangazi alinikalisha karibu naye," "Babu amekumbuka jina langu." Asiyemkumbuka aliyempa, mwambie polepole, usimnyang'anye wala usimwaibishe. Aliye mbali apigiwe simu na mtoto mwenyewe, nawe usimnong'onezee la kusema.

Usimlazimishe pia kutoa sehemu ya pesa yake kwa masikini. Akilazimishwa, mwaka unaofuata ataificha. Weka kibuyu au kopo lenye tundu mahali anapoliona, wewe utie chako kwanza, kisha uendelee na shughuli zako.